Kazi Imechelewa, au Ilikuwa Njiani?

Kwenye miongozo ya kozi tunayopewa wiki ya kwanza ya muhula kuna sentensi moja ambayo nadhani kila mmoja wetu ameikariri: matatizo ya mtandao hayatakubaliwa kuwa sababu ya kuchelewesha kazi. Inakaa pale chini, baada ya orodha ya vitabu na kabla ya adhabu za kunakili kazi ya mwenzako. Mimi nina ugomvi na sentensi hiyo, na ugomvi wenyewe si wa kuomba huruma. Sitaki mhadhiri atuonee huruma. Nataka kanuni iandikwe na mtu anayejua faili linasafirije kutoka kwenye simu ya mwanafunzi hosteli hadi kwenye seva ya chuo. Kwa sasa kanuni inachukulia kwamba ukibonyeza kitufe cha kutuma, kazi imefika. Haijafika. Ndiyo kwanza imeanza safari.

Nasoma ualimu, si uhandisi wa kompyuta. Wenzangu wa kompyuta mkiona nimerahisisha mno, nivumilieni, kurahisisha ndiyo kazi tunayosomea.

Tuseme una ripoti ya mafunzo kwa vitendo, PDF yenye picha za darasa, MB 6. Watu wengi wanadhani inaondoka nzima kama bahasha inayotumbukizwa kwenye sanduku la posta. Hapana. Simu yako inaikatakata vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Ningependa kuviita vifurushi, lakini kampuni za simu zimeshaliteka neno hilo. Ukisema kifurushi mtu anafikiria bando la wiki. Pakiti moja kwa kawaida haizidi baiti 1,500, na humo ndani ripoti yako inapata nafasi ya baiti kama 1,460. Zinazobaki ni za anwani: inatoka wapi, inakwenda wapi, ni kipande cha ngapi. Piga hesabu mwenyewe. Ripoti ya MB 6 ni pakiti zaidi ya 4,000.

Chukua mfano wa mama aliyeko Kyela anayetaka kumtumia mwanawe Dar gunia la mchele. Badala ya kulipandisha zima kwenye basi moja, analigawa kwenye mifuko ya kilo mbili mbili, kila mfuko anauandika namba na jina la mpokeaji, kisha anaigawa kwa makondakta wa mabasi tofauti kadiri yanavyopita. Basi moja litapita njia ya kawaida, jingine litakwama mizani, la tatu litaharibikia Mikumi. Mfuko wa 12 unaweza kufika kabla ya mfuko wa 3. Hakuna kondakta anayejua habari za gunia zima, kila mmoja anajua mfuko alioushika na kituo kinachofuata. Mtoto yuko stendi na karatasi, anahesabu, na kila baada ya muda anapiga simu: nimepata wa kwanza hadi wa kumi na nne, wa kumi na tano sijauona. Mama anapima mchele mwingine, anaandika 15, anatuma tena.

Huo ndio mtandao. Makondakta ni itifaki inayoitwa IP. Kazi yake ni kusoma anwani na kusukuma pakiti mbele, ruta hadi ruta, bila kuahidi chochote. Ruta ikizidiwa na foleni ikijaa, inaitupa pakiti. Haiombi radhi wala haimtaarifu mtu. Mama na mtoto wanaopigiana simu ni itifaki nyingine, TCP, na hiyo haikai njiani. Inakaa kwenye ncha mbili tu, simu yako na seva. Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha wazo hili mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ukahamia rasmi kwenye itifaki hizo. Kabla yao, miaka ya 1960, Paul Baran kule Marekani na Donald Davies kule Uingereza walikuwa wameshafikia, kila mtu kivyake, wazo la kukata ujumbe vipande.

Naomba hapa msomaji asikimbie, maana hoja yangu yote imesimama juu ya jambo hili. Mtandao haujawahi kuahidi kufikisha. Waliouunda walijua kwamba pakiti zitapotea, wakaamua njia iwe nyepesi na akili iwekwe kwenye ncha. Kwa hiyo pakiti kupotea si ajali wala si uzembe wa mtu, ni hali ya kila siku ambayo mfumo mzima umejengwa kuimudu. Namna ya kuimudu ni moja: kutuma tena. Na kutuma tena kunakula muda. Kanuni inayosema muda huo ni kosa la mwanafunzi inafanana na kumwambia yule mtoto pale stendi kwamba basi kuharibikia Mikumi ni uvivu wake.

Nilipokuwa mafunzo kwa vitendo nilijaribu kufundisha haya kidato cha pili, darasa la wanafunzi zaidi ya sitini, shule ambayo kompyuta zilikuwepo lakini zimefungiwa stoo. Nikaandika sentensi ndefu kwenye karatasi, nikaikata vipande ishirini, nikaipa kila kipande namba, nikamwambia mwanafunzi wa dawati la mbele avipeleke kwa mwenzake wa dawati la nyuma kwa kupitia mikononi mwa wengine, yeyote amtakaye. Mimi nilikuwa napita katikati nikinyang'anya kimoja kimoja na kukitia mfukoni. Kelele zilikuwa kubwa, mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia. Raundi ya kwanza sentensi ilifika na mapengo. Nikawauliza tufanyeje. Msichana mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu nifike shuleni akasema, "Mwalimu, wa nyuma awe anamjibu wa mbele kila akipata. Asipojibiwa, ajue kimeibiwa." Yaani TCP, imezaliwa upya mbele ya macho yangu, bila umeme. Kisha mvulana mmoja akauliza swali gumu kuliko yote: je, kama kilichoibiwa ni lile jibu? Nikamwambia ndiyo maana anayetuma ana saa yake. Akingoja jibu lisije, anatuma tena, na mpokeaji akipata namba ileile mara mbili anatupa moja.

Watoto wa kidato cha pili walielewa kwa dakika arobaini. Sioni kwa nini kamati ya mitihani ishindwe.

Sasa twende usiku wenyewe wa kukusanya kazi. Saa 5:59 usiku. Kozi ya lazima, wanafunzi mamia kadhaa, siku moja, dakika moja. Wengi wako hosteli, wanatumia Wi-Fi moja, na Wi-Fi hiyohiyo ndiyo watu wanaangalizia mpira. Kuna kisa cha kweli ambacho nadhani kingepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi inayopanga tarehe za mwisho. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa chini ya mita 400, kasi ya mtandao ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Soma tena: arobaini. Nyaya hazikukatika wala mashine haikuungua. Kilichotokea ni kwamba njia ilijaa, pakiti zikaanza kutupwa, na kila kompyuta iliyoona haijajibiwa ikatuma tena harakaharaka, na huko kutuma tena kukazidi kuijaza njia. Kila mtu alikuwa anasukuma na hakuna aliyekuwa anapita, kama watu kugombea mlango wa daladala.

Van Jacobson wa maabara hiyo alishughulikia tatizo lile, na mwaka 1988 akachapisha suluhisho ambalo msingi wake bado unafanya kazi kwenye simu zetu. Naliita adabu. TCP inapoanza mazungumzo haimwagi pakiti zote kwa mpigo. Siku hizi huanza na kama kumi, ikijibiwa inaongeza, ikijibiwa tena inaongeza, na ikiona pakiti imepotea inapunguza mwendo. Ikikosa jibu kabisa inangoja sekunde 1, ikikosa tena 2, kisha 4, kisha 8. Kadiri njia inavyobana, ndivyo kila mashine inavyowapisha wengine.

Kwa hiyo usiku ule wa saa 5:59, simu mia kadhaa zinapishana kwa adabu. Mstari wa kupakia unasogea hadi asilimia 60 unasimama. Haujafa, unangoja zamu. Sisi wanadamu tunafanya nini? Tunafunga ukurasa tunafungua upya. Kwenye mifumo mingi ya kawaida, isipokuwa ile iliyotengenezwa makusudi kuendelea pale ilipoishia, kufungua upya maana yake zile pakiti 2,400 zilizokwishafika zinatupwa, unaanza moja. Na mwendo nao unaanza chini. Anayetulia naye anaweza kupitwa na saa. Sioni hapo nani mzembe.

Kuna jingine ambalo sijasikia likisemwa kwenye vikao vyetu. Muunganisho wa TCP unatambulika kwa anwani na namba za mlango za pande zote mbili. Ukitoka chumbani ukaenda kibarazani kutafuta hewa, simu ikaiacha Wi-Fi ikahamia bando lako, anwani yako imebadilika. Kwa seva wewe sasa ni mtu mwingine kabisa, na mazungumzo ya zamani yamekatika. Ndiyo maana unaona faili lililokuwa asilimia 90 linarudi sifuri bila wewe kugusa kitu. Itifaki mpya iitwayo QUIC, iliyokubaliwa rasmi kama kiwango mwaka 2021, ilifikiriwa pia kwa ajili ya watu wanaotembea kama sisi: mazungumzo yanapewa kitambulisho chake chenyewe, hivyo anwani ikibadilika kazi inaweza kuendelea. Lakini lazima na upande wa seva uwe umeiwasha.

Na seva yenyewe iko wapi? Swali hili ni la pesa na la siasa, nitaligusa tu. Mwanga ndani ya nyaya za kioo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama mfumo wa kozi umepangishwa Ulaya, kwa njia ya bahari kiasi cha kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde kwa uchache. Inaonekana si kitu. Ila kabla baiti ya kwanza ya ripoti yako haijaondoka, simu na seva zinasalimiana kwanza, kisha zinakubaliana namna ya kufunga siri, na kila salamu ni safari nzima. Ukurasa wenye picha za viongozi wa chuo na matangazo yanayotembea unaongeza safari juu ya safari. Kabla Wakenya hawajaanza kubadilishana pakiti hapohapo nyumbani kupitia KIXP, ujumbe wa kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi uliweza kuzunguka kwa setilaiti hadi ng'ambo ndipo urudi. Sisi nasi mwanafunzi wa bweni anatuma kazi kwa mhadhiri ambaye ofisi yake anaiona dirishani, na kazi inapita chini ya bahari mara mbili.

Tarehe 12 Mei 2024 tuliona gharama yake. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania, Kenya na majirani wakabaki na intaneti ya kubahatisha. Wanasema pakiti hutafuta njia nyingine. Ni kweli, kama njia nyingine ipo na ina nafasi. Zilizobaki zilielemewa. Siku kama zile hata mwandishi wa kanuni yetu anakubali kwamba mtandao ni sababu, kwa kuwa habari imetangazwa redioni. Mimi nasema tofauti ya siku ile na usiku wa kawaida wa saa 5:59 ni ya ukubwa tu. Pakiti iliyotupwa na ruta ya hosteli na pakiti iliyokosa waya baharini zote hazikufika, na kwenye zote mbili mwanafunzi alikuwa amemaliza kazi yake.

Sasa pendekezo. Tuache kupima muda wa kufika, tupime muda wa kumaliza kazi, na tupime kwa namna ambayo hakuna mtu atakayedanganya. Inawezekana, na si jambo jipya. Kila faili linaweza kutolewa alama yake, mfano wa alama ya kidole. Programu inalisoma faili lote na kutoa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha mkato mmoja tu kwenye ripoti, alama inabadilika yote. Huwezi kutengeneza ripoti nyingine ikatoa alama ileile. Herufi 64 zinaenea kwenye SMS moja ya kawaida ambayo ina nafasi ya herufi 160, na SMS haihitaji bando. Hata kwa intaneti, alama hiyo inaingia kwenye pakiti moja. Moja, badala ya elfu nne.

Utaratibu uwe hivi: ukurasa wa kukusanyia kazi ukishalichagua faili lako, unaikokotoa alama palepale kwenye simu na kuituma kwanza. Seva inaandika alama na saa. Hapo umekusanya. Faili lenyewe liendelee kupanda taratibu, hata likamilike asubuhi saa mbili kwenye maabara ya kompyuta. Likifika, mfumo unalinganisha. Alama ikilingana, kazi ilikuwa imekamilika kabla ya saa 5:59. Isipolingana, umeigusa baada ya muda, na hapo adhabu ni halali yako, mimi mwenyewe sitakutetea.

Najua jibu litakalokuja: wanafunzi ni waongo. Wapo, jamani, tusifichane. Tunawajua wanaosema mtandao ulisumbua ilhali saa nne usiku walikuwa hawajaandika hata jina lao kwenye jalada. Tunaujua pia ule mchezo wa kukusanya faili lililoharibiwa makusudi ili mhadhiri akishindwa kulifungua aombe jingine baada ya siku tatu. Kanuni ya sasa haiwakamati hao. Inawapitisha kwa raha, kwa sababu faili bovu limefika kwa wakati, na anaadhibiwa yule aliyemaliza saa tatu usiku akakwama kwenye foleni. Kwa alama ya faili, mwenye faili bovu amejifunga mwenyewe: alama aliyotuma ni ya faili bovu, hana pa kuliingiza jingine. Wahadhiri wanaotuona waongo ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kulipenda pendekezo hili.

Nilitaka niishie hapo, lakini kuna suala jingine limejitokeza muhula huu, na ni zito zaidi kwa sababu mtu anaweza kufukuzwa chuo. Baada ya jaribio moja la mtandaoni, wanafunzi kadhaa waliitwa kujieleza kwa udanganyifu. Ushahidi mmojawapo walioonyeshwa ni kwamba majibu yao yalitoka kwenye anwani moja ya IP. Waliosoma shule za bweni mtanielewa haraka. Shule nzima mlikuwa na sanduku moja la posta. Barua zote, za kidato cha kwanza hadi cha sita, zilikuja S.L.P. ileile, na kilichowatenganisha ni jina na mkondo ulioandikwa juu, kisha karani au dada mkuu akagawa. Je, barua mbili kuandikwa S.L.P. moja kulithibitisha kwamba wanafunzi wawili wameandika insha pamoja?

Anwani ya IP ya mtindo wa zamani, ule ambao bado unatumika zaidi, ina nafasi ya anwani bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Akiba kuu ya kimataifa ya anwani hizo iligawiwa ikaisha Februari 2011. Kwa uhaba huo, Wi-Fi ya hosteli inawapa wote waliomo anwani za ndani zisizojulikana nje, na ruta inawatoa wote kwa S.L.P. moja, ikikumbuka nani kauliza nini kwa kutumia namba za mlango. Kampuni za simu nazo zinafanya hivyo kwa wateja wao, kwa hiyo hata wawili wasiojuana, mmoja Kimara mwingine Mbagala, wanaweza kuonekana wana anwani moja. Na kinyume chake ni kweli. Wawili waliokaa kitanda kimoja wakinong'onezana majibu, mmoja kwenye Wi-Fi, mwingine kwenye bando, wataonekana wana anwani mbili, safi kabisa, hawana kesi.

Sisemi hao walioitwa hawakudanganya. Sijui, na si kazi yangu kujua. Nasema ushahidi ule peke yake haupimi kile wanachodhani unapima. Kama kamati ina ushahidi mwingine, wa majibu kufanana hadi makosa ya herufi, uletwe huo. Na mwanafunzi akiitwa aruhusiwe kwenda na mtu anayeelewa mambo haya, kama ambavyo mgonjwa akishtakiwa kwa utoro anaruhusiwa kuleta karatasi ya daktari.

Rasimu ya barua kwenda kamati ya taaluma iko kwa waziri wa elimu wa serikali yetu ya wanafunzi. Ina mambo mawili tu, alama ya faili na anwani ya IP, sikutaka kuijaza. Ninachokosa ni takwimu zetu wenyewe. Ma-CR, kwenye kazi inayofuata naomba kila mwanakozi aandike saa aliyoanza kupakia, saa mfumo ulipomjibu, ukubwa wa faili, na kama alitumia Wi-Fi au bando. Majina hayahitajiki. Wasio na muda wa kujaza fomu ya mtandaoni waandike kwenye karatasi, wapitishe chini ya mlango wa ofisi ya serikali ya wanafunzi, ghorofa ya chini, nami nitazihesabu Jumamosi.